Ringi ya Nyuma

Hapa Nyarero wapo wanaosema kwamba mimi, Nashoni, ndiye niliyemfunga dereva Gati. Wapo na wengine wanaosema nilitaka kumwachia, nikashindwa kwa sababu watu walinizingira. Wa upande huu na wa upande ule hunisalimia barabarani, shikamoo mzee, na nikishapita huendelea na mazungumzo yao. Siwalaumu. Mwaka ule wa sabini na sita mimi mwenyewe sikumwamini mtu yeyote, isipokuwa yule mmoja niliyekuwa nikimnyoa ndevu kila Jumapili mbele ya kioo.

Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumehamishwa kutoka mlimani tukapangwa kando ya barabara, nyumba hii na nyumba hii, kwa kamba ya kupimia. Mlimani tulikuwa na ng'ombe na ukungu. Barabarani tukapata shule, bomba la maji na malori. Mwenye baiskeli, ambaye zamani alipita njia za ng'ombe, sasa alipita palepale lori linapopita, maana njia nyingine hakuna.

Wa kwanza kufa alikuwa mkulima wa kahawa akitoka kupeleka mizigo yake. Wa pili alikuwa mume wa Efrazia, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Wanawake. Kila mara dereva alipelekwa mahakamani mjini, akashtakiwa kwa kusababisha kifo, na kila mara, kabla shahidi hajaitwa, shtaka lilipunguzwa. Dereva alikiri kosa dogo, kuendesha gari bila uangalifu, akalipa faini na kurudi kwenye usukani. Yule aliyemuua mume wa Efrazia alipita hapa baada ya siku tano akapiga honi. Efrazia anasema alipiga kwa makusudi. Mimi nilikuwepo, na nadhani kulikuwa na mbuzi barabarani, lakini sikumwambia.

Wa tatu alikuwa Athanas, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi. Alitoka asubuhi kwenda mashineni, gunia la wimbi liko kwenye keria. Lori la Hezekia, tajiri mmoja mwenye duka mjini, likamkuta njiani. Aliyeliendesha ni Gati. Nyangi, jirani yetu, alikuwa akipalilia mihogo karibu na barabara. Alisikia kishindo, akainua kichwa, akaona vumbi tu. Vumbi lilipotulia Athanas alikuwa mtaroni na wimbi limetapakaa barabara nzima. Kuku walikuwa wameshaanza kula.

Gati alisema Athanas alikatiza ghafla mbele ya lori. Lakini baiskeli ilisema vingine. Gurudumu la mbele lilikuwa zima, ukilisukuma kwa kidole linazunguka. La nyuma lilikunjamana kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Hata asiyejua kitu angeelewa kwamba Athanas alikuwa akienda mwendo wake, upande wake, na lori likampanda kwa nyuma.

Alasiri alifika askari wa trafiki. Alikuja kwa baiskeli ya kuazima, maana gari la polisi halikuwa na mafuta. Akapima barabara kwa utepe, akaandika, kisha akauliza, "Mkubwa wa familia ni nani? Na nani hapa anajua kusoma?"

Watu wote waligeuka kunitazama. Hapo inabidi nieleze. Darasa la jioni nililianza nikiwa na miaka hamsini kasoro mmoja, na cheti cha hatua ya nne kilikuwa kimetundikwa ukutani kwangu. Kusoma nilikuwa najua. Lakini nilisoma kwa kuweka kidole chini ya mstari na kuchezesha midomo, na nyumbani kwangu hilo halikunisumbua. Siku ile uani palikuwa na watu zaidi ya mia, na miongoni mwao walikuwepo waliocheka walipomwona mzee mzima amebeba ubao na chaki.

"Soma, kisha tia sahihi," askari aliniambia.

Niliishika karatasi. Nikaitazama kwa muda uleule ambao nilikuwa nimeona katibu kata akitazama karatasi zake, nikatikisa kichwa kidogo kama yeye, nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu chini, ile niliyojifunza kwa miezi. Askari akanipa nakala ya kaboni. "Mnaweza kuendelea na mazishi," akasema. Nikaamini kwamba hiyo ndiyo karatasi ya ruhusa ya kuzika. Nikaiweka sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo.

Sasa katika ukoo wetu kitu cha marehemu hakitolewi urithi kikiwa kimevunjika. Jembe hutiwa mpini mpya. Kigoda kilichopoteza mguu huchongewa mwingine. Siku ya kumaliza matanga vitu vyote huwekwa uani vikiwa vizima, na kitu kibovu kikionekana hapo, watu husema mmemtuma marehemu arudi kukitengeneza. Mimi ni Mkristo, lakini sikutaka kusikia maneno hayo yakisemwa juu ya Athanas. Baiskeli ile ilikuwa ibaki kwa Wegesa, mke wake, iwasaidie watoto. Nikaibeba begani mpaka kwa fundi Waisiko, pale njia panda.

Waisiko alizungusha gurudumu, halikuzunguka. "Mzee, hii ringi imekufa. Na ringi mpya huzipati wilaya nzima. Duka la kijiji lina chumvi na kiberiti, na kiberiti chenyewe hakiwaki."

"Matanga tunayamaliza Jumamosi."

"Niachie nione."

Siku ya Alhamisi akaja mwenyewe nyumbani. Ringi mpya, inang'aa, na spoku zake zimefungwa kwa karatasi. Alisema ameipata kwa jamaa wa Sirari. Nilimpa majogoo wawili na nikaona nimemshinda kwa bei. Ringi ya zamani aliondoka nayo, na mimi sikuuliza ya nini. Nani anauliza habari za chuma kilichokunjamana? Jumamosi baiskeli ilisimama uani, nzuri kuliko siku iliponunuliwa, na wazee wenzangu walinipa mkono.

Miezi minne baadaye ndipo Efrazia alipokuja kwangu bila kubisha hodi.

"Mzee Nashoni, wanataka kufanya tena."

"Nani?"

"Yule mwendesha mashtaka, Inspekta Stanslaus. Nimetoka mjini. Wanasema Gati amekubali kukiri kosa dogo, na Inspekta amekubali kulipokea. Jumatatu wanamaliza. Faini, honi, basi."

Mke wangu Kezia alikuwa akichambua mboga. "Mmejuaje kwamba ni kweli?"

"Mama, mara ya kwanza nilisubiri nijue kama ni kweli. Nikajua nikiwa nimeshavua nguo za msiba."

Kisha Efrazia akaongeza jambo ambalo lilinikaa kifuani wiki nzima. Inspekta ni mtu wa Kenyamonta, kule Serengeti. Na Gati ni wa Kenyamonta. Na Hezekia kaoa Kenyamonta.

Kuanzia siku hiyo kila kitu nilichokiona kilikuwa na upande wa pili. Nilimwona katibu kata akicheka na dereva wa lori jingine, nikajiuliza wanacheka nini. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita, niliporudi kutoka Nyansurura nilikokwenda kuangalia ndama wangu, Wegesa alinisimulia kuwa mtu mgeni amekuja nyumbani kwake, mtu wa suruali na kalamu mfukoni. Aliomba kuona baiskeli, akaizunguka, akaandika, akaondoka. Nilimwambia Wegesa huyo ni mpelelezi wa Hezekia na akirudi asimfungulie mlango. Sasa nikaona nilikuwa sahihi. Walikuwa wanatuchunguza.

Nilikaa nikaandika barua. Niliandika kurasa tatu, nikazifupisha zikawa mbili, nikazinakili kwa wino. Sikuandika kwamba Inspekta amenunuliwa. Niliandika kwamba wananchi wanashangaa waendesha baiskeli watatu wamekufa barabara moja na hakuna dereva hata mmoja aliyelala jela, na kwamba watu wanasema mambo yasiyofaa kuandikwa. Barua ilipita kwa balozi wa nyumba kumi, ikapita kwa katibu kata, ikafika kwa Chama wilayani, na kila ilipopita iliongezewa sahihi na dole gumba.

Jumatatu tulikwenda mjini. Tulikuwa zaidi ya sitini, wengine kwa miguu tangu alfajiri, wengine kwa baiskeli, na baiskeli zile tulizilaza kwenye majani mbele ya mahakama, zikajaa. Hilo lilikuwa wazo la Efrazia. Askari alikuja kutuambia tuziondoe.

"Tuziweke wapi?" Efrazia alimuuliza.

"Barabarani kule."

"Barabarani zinakanyagwa, baba. Ndiyo sababu tumekuja."

Askari akarudi ndani. Baada ya muda kidogo likaitwa jina langu, langu peke yangu.

Ofisi ya Inspekta Stanslaus ilikuwa ndogo, meza moja, viti viwili, na kabati lisilofunga vizuri. Ukutani palikuwa na kalenda. Chini ya picha yake ilikuwa imeandikwa jina la duka la Hezekia. Nilisoma jina lile mara mbili kabla sijakaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Alikuwa wa rika la Athanas, mwembamba, macho mekundu ya mtu anayesoma sana au asiyelala. "Barua yako nimeletewa. Una mwandiko mzuri."

"Sikutembea maili kumi na mbili nisifiwe mwandiko."

"Umeandika kwamba nimehongwa."

"Nimeandika kwamba watu wanasema."

"Watu gani?"

"Fungua dirisha uwaone."

Hakulifungua. Lilikuwa wazi, akainuka akalifunga. "Mzee, nikuulize. Nikikataa Gati asikiri kosa dogo, nabaki na kosa kubwa. Kosa kubwa mimi ndiye wa kulithibitisha, si yeye wa kulikanusha. Shahidi wangu Nyangi aliona vumbi. Gati anasema marehemu alikatiza mbele yake. Nitamwonyesha hakimu nini?"

"Baiskeli," nilisema. "Mwonyeshe gurudumu la nyuma."

Akavuta faili, akatoa karatasi iliyopigwa taipu. "Mkaguzi wa magari alitoka Musoma mwezi uliopita, akafika kwa mjane wa marehemu, akakagua. Askari wa trafiki alimwachia yeye aieleze baiskeli. Nakusomea. Baiskeli ni nzima. Magurudumu yote mawili yamenyooka. Ringi ya nyuma ni mpya."

Nilikumbuka suruali na kalamu mfukoni.

"Na hii," akasema, "sahihi hii ni ya nani?"

Mkia wake niliutambua kabla ya jina. Niliivuta karatasi, nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Mimi niliyetia sahihi hapa chini nimekabidhiwa baiskeli ya marehemu, nami nitaiweka kama ilivyo, bila kuigusa wala kuitengeneza, mpaka mkaguzi atakapofika, kwa kuwa ni kielelezo cha kesi. Mistari minne. Mtoto wa darasa la tatu angeimaliza askari akiwa bado anafunga kalamu yake.

"Mbona hamkuichukua wenyewe siku ile?" nilimuuliza. Ndilo neno pekee nililolipata.

"Kwa gari gani?"

"Na miezi mitatu yote mkaguzi alikuwa wapi?"

"Mzee, Musoma kuna mkaguzi mmoja na lita za mafuta wanapimiwa." Alisema hivyo akiwa anatazama kalenda, au ukuta tu. Mpaka leo sijui. "Wale waliopo nje wakisikia kwamba baiskeli umeitengeneza wewe, unafikiri watasema nani amehongwa?"

Nilimrudishia karatasi, akaiweka kwenye faili.

"Nitaomba kesi iahirishwe wiki moja. Ukinipatia ile ringi ya zamani, au fundi wa kuapa ilipigwa wapi, kosa kubwa linabaki. Usiponipatia, nitapokea analokiri. Angalau atakuwa na hatia ya kitu."

Nilitoka. Watu wakasimama kutoka kwenye majani. "Amesemaje?" Efrazia aliuliza.

"Ameahirisha wiki moja."

"Wiki moja ya nini?"

"Ya kutafakari."

Alinitazama usoni muda mrefu kuliko mwanamke anavyomtazama mzee. "Ulikaa sana humo ndani kwa jambo dogo kama hilo," alisema, akaenda kuokota baiskeli yake.

Kesho yake kabla jua halijawa kali nilikuwa kwa Waisiko. Alikuwa akiziba pancha. Aliponiona alishusha macho kwenye beseni la maji, na hapo nikajua kwamba kuna jambo.

"Waisiko, ile ringi ya Athanas. Ya zamani. Iko wapi?"

"Mzee, ile ilikwenda."

"Ilikwenda wapi? Ina miguu?"

Akaendelea kubonyeza mpira majini, mapovu yakatoka. "Tundu hili hapa," akasema, kana kwamba ndilo nililouliza.

"Na ile mpya ilitoka Sirari kwa nani?"

"Haikutoka Sirari."

Nikavuta kigoda nikakaa. Alisimulia bila kuniangalia. Siku ile ile niliyompelekea baiskeli, Hezekia alisimamisha gari pale njia panda, akaiona imeegemezwa ukutani, akauliza ni ya nani. Alipoambiwa, akavua kofia. Akasema anasikitika sana, na kwamba kwenye stoo yake anayo ringi moja imebaki, angependa kuitoa kama rambirambi. Ila familia ikijua imetoka kwake haitaipokea, kwa hiyo aambiwe mzee imetoka Sirari.

"Na ya zamani?"

"Aliitaka. Alisema isikae hapa ikawatia watu uchungu."

"Na wewe ukampa."

"Mzee, hukuniuliza ringi imetoka wapi ukanidai jibu. Uliniuliza bei. Nilidhani hata wewe unajua, unanyamaza tu ili jambo lipite."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Kwa mara ya kwanza nilijiona kwa macho ya mtu mwingine, na yule niliyemwona hakuwa mtu wa kuaminika. Mzee anapokea ringi mpya wakati wilaya nzima haina ringi, anatoa majogoo wawili, haulizi. Hata mimi ningemshuku.

"Wewe uliigusa kwa mikono yako," nilimwambia. "Unaweza kusema ilipigwa wapi."

"Naweza. Spoku zilizokatika zilikuwa za nyuma kabisa, na kipande cha kioo chekundu cha taa ya nyuma kilikuwa kimezama kwenye mpira. Ilipigwa moja kwa moja kutoka nyuma. Lakini sisemi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisema peke yangu, mimi ndiye mtu aliyemuuzia Hezekia gurudumu la marehemu. Watalichoma banda hili. Wewe ndiye uliyeniletea baiskeli. Wewe sema kwanza, mbele ya watu, na mimi nitasema."

Nilikwenda nyumbani nikafungua sanduku. Nakala ya kaboni ilikuwa palepale juu ya cheti cha ubatizo. Kezia alisimama mlangoni na ungo wake. Nikamsomea karatasi yote, polepole.

"Kwa hiyo hukuisoma," alisema.

"Sikuisoma."

"Na wiki nzima unamtukana mtoto wa watu."

"Bado simwamini. Ana kalenda ya Hezekia ukutani."

"Hata sisi tunayo, Baba. Iko jikoni. Ulipewa uliponunua koleo." Akatikisa ungo. "Wegesa ajue kwako, asijue kwa watu."

Lakini Wegesa nilimkuta na wenzake, na mkutano aliouitisha Efrazia ulikuwa jioni hiyo hiyo. Nasema ukweli, sikumwambia kwa sababu niliona afadhali niseme mara moja tu.

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikuja wakidhani nitawaambia tunakwenda mkoani. Efrazia alikuwa ameshaorodhesha watakaopanda gari. Nilisimama, nikaiinua ile nakala, nikaisoma yote, mistari minne na sahihi. Kisha nikawaeleza kuhusu ringi na majogoo na Waisiko na Hezekia.

Efrazia ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo tulikwenda kulaza baiskeli mbele ya mahakama kumsuta Inspekta, na kiongozi wetu ndiye aliyenyoosha ushahidi."

"Ndiyo."

"Hiyo ringi ilikuja peke yake, mzee, au ilikuja na kilo za sukari?"

Watu walicheka, kicheko kifupi. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Kumbe ndiyo maana alikaa sana ofisini kwa Inspekta." Mwingine akasema, "Muulizeni ndama wa Nyansurura aliwanunua lini." Ndama wale niliwanunua miezi sita kabla Athanas hajafa, na nusu ya watu waliokuwa pale walinisaidia kuwaswaga. Hakuna aliyekumbuka. Nilifungua kinywa nijitetee, nikaona kila nitakalosema litakuwa na upande wa pili, kama vile mimi nilivyokuwa nikiona pande za pili za kila mtu. Nikafunga.

Wegesa alisimama. Alikuwa hajazoea kusema mikutanoni. "Tata," aliniita, yaani baba, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilimlea mumewe. "Yule mtu mwenye kalamu alipokuja mara ya kwanza, uliniambia ni mpelelezi. Aliporudi nilimfukuza mlangoni. Alisema ana maswali. Nikamwambia atoke."

"Ni mimi niliyekosea, binti yangu."

"Sijauliza nani amekosea. Nauliza, Gati atalipa faini au hatalipa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na wote tulikuwa tumelizunguka. Nikamtafuta Waisiko kwa macho. Alikuwa pembeni kabisa, karibu na njia ya kukimbilia. "Waisiko," nilisema, "mimi nimesema."

Aliitazama ile njia mpaka nikadhani amenitupa. Kisha akasogea mbele, akaeleza alichokiona kwenye gurudumu, spoku na kioo na yote. Walimzomea. Akaendelea kueleza.

Siku ya nne tulikwenda mjini watatu, mimi, Waisiko na Efrazia. Efrazia sisi hatukumwalika. "Nakuja kuangalia mikono yenu," alisema, na njia nzima aliendesha nyuma yetu.

Inspekta Stanslaus alimhoji Waisiko kwanza, peke yake, kisha akaniita. Efrazia akasimama mlangoni na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilieleza kila kitu tangu mwanzo. Inspekta aliandika kwa haraka, ukurasa na nusu, akaugeuza upande wangu na kuweka kalamu juu yake.

"Tia sahihi hapa."

Niliichukua karatasi. Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

"Mzee, nimeandika kama ulivyosema. Hakimu ananisubiri."

"Asubiri."

"Soma kwa sauti," Efrazia alisema kutoka mlangoni, "na sisi tusikie."

Nikasoma kwa sauti. Nilisoma kama ninavyosoma, neno kwa neno, nikikwama kwenye maneno ya kisheria na kurudia. Karani wa chumba cha pili alichungulia. Askari wawili wakasimama nyuma ya Efrazia. Nilihisi masikio yangu yakiwaka, lakini kidole sikukiondoa. Nilisoma kuhusu siku ya ajali, kuhusu gurudumu lilivyokuwa, kuhusu fundi, kuhusu ringi mpya. Nikafika mwisho. Nikarudi juu, nikatafuta tena.

"Hezekia hayumo," nilisema.

"Nani?"

"Hezekia. Aliyetoa ringi mpya na kuondoka na ya zamani. Umeandika, fundi alipata ringi nyingine. Hukuandika kwa nani."

Inspekta alijipangusa uso. "Hilo wewe hukuliona. Ulilisikia kwa Waisiko. Maneno ya kusikia hayana nguvu mahakamani, mawakili watayacheka."

"Na Waisiko umeliandika kwake?"

Alichelewa kujibu, au labda mimi ndiye niliyehesabu vibaya. "Nitaliandika," alisema.

Efrazia aliitazama kalenda iliyokuwa ukutani, kisha akamtazama Inspekta, kisha akanitazama mimi, kwa macho yaleyale.

"Basi andika kwamba nililisikia," nilisema. "Andika, niliambiwa na Waisiko kwamba ringi ilitolewa na Hezekia, mwenye lori. Wacheke wakishalisoma."

Inspekta alichukua kalamu. Aliandika mistari miwili pembeni, akageuza karatasi. Nikaisoma ile miwili. Nikamwomba aite Waisiko, nikasoma na ya Waisiko yote, na huko nako jina likaongezwa tukiwa tumesimama. Ilichukua saa nzima. Gati, aliyeitwa kuhojiwa upya, alikuwa kwenye benchi la nje na askari wa kumlinda, na tulipotoka alitazama viatu vyetu.

Nilitia sahihi bila ule mkia. Inspekta akachana nakala ya kaboni akanipa, na kabla sijaikunja mkono wa Efrazia ulikuwa umeshaifikia. Aliitazama juu chini, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Hii itakaa kwangu," alisema.